Jibu: V8 inapiga kelele asubuhi, je, ni cheni ya taimingi?

Salama mkuu. Nimekuelewa: Audi S4 ya 2005, V8 ya lita 4.2, ukiwasha ya baridi inakereza sekunde 3 hivi kisha inatulia, na fundi anataka abadili cheni zote za taimingi (zile zinazofanya valvu zifunguke kwa wakati sawa na pistoni).

Usikubali bado. Kwenye injini hiyo cheni ziko nyuma, upande wa giaboksi, kwa hiyo ni kazi ya kushusha injini nzima. Si kazi ya kubahatisha.

Anza na oili. Vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili) asubuhi kabla hujawasha. Tenshona (kifaa kinachokaza cheni) inasukumwa na presha ya oili, na oili ikipungua au filta ikiwa mbovu, cheni inabaki legevu mpaka presha ipande. Yangu (gari jingine kabisa) ilinyamaza kwa kubadili filta tu, baada ya mwezi mzima wa kukosa usingizi.

Kelele ikiendelea, kata ile filta ufungue karatasi yake juu ya kitambaa cheupe. Vipande vya plastiki ya kahawia au nyeusi maana yake reli zinazoongoza cheni zinamomonyoka. Hapo paki gari. Pima pia kwa kompyuta: kodi za hitilafu P0016 hadi P0019 zinaonyesha kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hazikubaliani, na mara nyingi hiyo ni cheni iliyorefuka kwa pini zake kulika.

Mlio wenyewe sijausikia, kwa hiyo rekodi video ukiwasha ya baridi, boneti ikiwa wazi, uiweke hapa.