Vinyama vya njia ya haja kubwa: vikatwe au viachwe?

Daktari, tangu nijifungue nina kinyama laini pembeni mwa njia ya haja kubwa. Hakiumi, ila kujisafisha ni kazi. Ni bawasiri?

Hongera kwa mtoto, dada yangu. Mara nyingi hiyo ni ngozi iliyobaki baada ya bawasiri ya nje kuvimba na kunywea. Ngozi ikishatanuka hairudi ilivyokuwa. Si saratani, na kama hakikusumbui si lazima kikatwe. Ila usijipimie mwenyewe, kwani masundosundo (vinyama vinavyoletwa na virusi) nayo huota hapo, na uvimbe mgumu, unaotoa damu au wenye kidonda kisichopona unahitaji kuonwa haraka. Utalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, daktari atazame na kupitisha kidole chenye glavu iliyopakwa jeli. Ni dakika chache, na daktari ameshawaona wengi wenye tatizo kama lako. Usione haya.

Nimeamua kukatwa. Nitalazwa? Maumivu je?

Kwa kawaida unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sindano ya ganzi inauma kidogo, baada ya hapo unahisi kuguswa tu. Kinyama hukatwa kwenye shina, damu ikazuiwa, na mara nyingi kidonda huachwa bila kushonwa. Maumivu huja ganzi ikiisha, na haja ya kwanza huogopesha. Hapo ndipo wengi wanapojiumiza: wanajizuia, choo kinakuwa kigumu, kinatonesha kidonda. Kunywa maji, kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, na umwombe daktari dawa ya kulainisha choo mapema. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 kila umalizapo haja, kisha jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Doa la damu lisikutishe. Damu ikitiririka, ukipata homa, usaha au mkojo ukikataa kutoka, rudi hospitali. Wengi hupona ndani ya wiki 2 hadi 4.

Nimeshauriwa nikifunge kwa uzi kinyauke.

Usithubutu, ndugu yangu. Unachokifunga huenda ni bawasiri, na nyama ikioza mahali pale maambukizi hayako mbali.

Ninavyo vinne, na naharisha mara kwa mara kwa miezi sasa. Vikatwe vyote kwa pamoja?

Visikatwe kwanza. Kuharisha kwa muda mrefu pamoja na vinyama hivyo kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), na kwa mwenye ugonjwa huo kidonda cha hapo huweza kukawia sana kupona. Utumbo uchunguzwe kwanza, tafadhali. Hata kwa mwenye utumbo usio na ugonjwa, kukata vingi kwa mkupuo kunaweza kuacha makovu yanayobana njia, ndiyo maana huenda ukapangiwa awamu.

Kikikatwa kitarudi?

Hicho hakirudi, ila vipya huweza kuota ukiendelea kujikamua chooni. Na kama kiliota kwenye ncha ya mpasuko (ngozi iliyochanika kwenye njia ya haja kubwa), mpasuko wenyewe nao utibiwe.