Muulize Fundi: Mlimani Imetulia, Tambarare Inatetemeka

SWALI

Habari ya kazi, fundi. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi hapa Molo. Mwaka jana niliachana na pikapu yangu ya gia za mkono nikanunua ya otomatiki, dizeli, kebini mbili, iliyokuwa imetumika miaka minne. Sasa mita inasoma kilomita 104,000. Mara tatu kwa wiki napeleka mzigo soko la Kibuye, Kisumu, kupitia Mau Summit na Kericho.

Milimani pikapu haina neno, hata ikiwa na magunia. Lakini nikishafika Awasi na kuanza ile tambarare ya kwenda Ahero, mwendo wa sabini hivi, mguu mwepesi, inaanza kutetemeka kama inakanyaga mahindi yaliyoanikwa barabarani. Sekunde mbili tatu, inanyamaza, halafu inaanza tena. Imezidi tangu mvua kubwa zilizopita, tulipovuka maji karibu na daraja la Nyando. Nimebadilisha tairi mbili na kufanya balansi, wapi! Fundi mmoja aliiendesha kidogo akasema giaboksi imekwisha, nitafute ya mtumba. Na waliponiuzia waliniambia oili ya gia haibadilishwi maisha yote ya gari, kwa hiyo sijaigusa. Nisaidie kabla sijauza ng'ombe.

Mama Viazi, Molo

JIBU

Mama, ng'ombe abaki zizini kwanza.

Umenirahisishia kazi kwa neno moja: tambarare. Giaboksi iliyokwisha haichagui barabara. Ingekuwa imekwisha, ile milima ya Londiani ingekuumbua: injini ingenguruma na gari lisisogee, au gia zingeingia kwa kishindo. Yako inapanda na magunia bila kulalamika, kisha inatetemeka mahali ambapo haina kazi ya maana. Hiyo ni tabia ya klachi moja ndogo iliyojificha ndani ya toki konveta, na mara nyingi kinachoitia wazimu ni oili.

Toki konveta ni lile bakuli la chuma lililo kati ya injini na giaboksi, pale ambapo pikapu yako ya zamani ilikuwa na klachi. Ndani mna mapanga mawili yanayotazamana kama feni, yamezama kwenye oili. Injini inazungusha la kwanza, oili inarushwa, la pili linafuata. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye tuta gia ikiwa imeingia na injini isizime. Lakini kusukumana kwa oili hakushiki sawasawa. Nguvu kidogo hupotea hapo katikati, na dizeli yako pia. Kwa hiyo gari likishika mwendo wa kutulia, klachi hiyo ndogo inajifunga ili injini na giaboksi vizunguke pamoja.

Magari ya zamani yalifunga klachi hiyo kwa gia za juu tu, na yakishafunga yamefunga. Haya mapya yanahesabu kila tone la dizeli, kwa hiyo hufunga mapema, tena mara nyingi hayafungi moja kwa moja. Kompyuta huiacha klachi iteleze kidogo sana, kwa makusudi, ili mapigo ya injini yasifike kwenye kiti chako. Kuteleza huko, kilomita baada ya kilomita, kunataka oili yenye dawa maalum ya kulainisha msuguano. Dawa hiyo ikichoka, au maji yakiingia, klachi inashika, inaachia, inashika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Chukua kiti cha mbao ukiburute kwenye sakafu ya simiti: hakitelezi, kinarukaruka kikikoroma. Hicho ndicho unachokisikia Ahero. Mlimani unakanyaga zaidi, konveta ama inafunguka ama inabanwa kwa nguvu, na ile nafasi ya kuteleza nusunusu haipo.

Hakikisha kabla ya kutoa hela. Safari ijayo, barabara ikiwa nyeupe mbele na nyuma, subiri mtetemo uanze. Usiondoe mguu wa kulia kwenye mafuta. Kwa mguu wa kushoto gusa breki, kugusa tu kama unavyogusa pasi kuona kama ina moto. Breki ikiguswa, kompyuta huifungua ile klachi. Mtetemo ukikatika papo hapo na mshale wa mizunguko ya injini ukapanda kidogo, tumempata mwizi. Mara nyingine uachilie mafuta kabisa gari lijiendee lenyewe: likiendelea kutetemeka kwa mwendo ule ule, basi rudi kwenye tairi, au mwambie fundi alale chini atikise propela, lile bomba refu linalopeleka mzunguko kwenye magurudumu ya nyuma, aangalie viungo vyake, yaani krosi na senta beringi. Kama ingekuwa nozeli au jambo lingine la injini, lingekusumbua zaidi kwenye mzigo na mlima, nawe umesema huko ni shwari.

Sasa hayo maji ya Nyando. Hapo ndipo sikupendezwa na barua yako. Giaboksi ina kibomba cha kupumulia. Ikiwa ya moto, umetoka kushuka Kericho, halafu ukaizamisha ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na giaboksi inavuta pumzi. Kama mdomo wa kibomba umezama au kimechomoka, inavuta maji. Maji hayaishii kuharibu oili peke yake; hulegeza hata gundi inayoshikilia bitana za klachi. Kwa hiyo usingoje mavuno yaishe. Nenda wiki hii.

Ukifika gereji, simama hapo hapo wakifungua. Usikubali kwenda kunywa chai. Oili ya kwanza itone kwenye karatasi nyeupe ya chooni. Ikiwa na rangi iliyofifia, kahawia, bado ni mgonjwa wa kutibika. Ikinuka kama ugali uliounguza sufuria, klachi imeanza kuungua. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, kuna maji, na lazima wapime pia kama kipozea oili kilicho ndani ya radieta kimetoboka, la sivyo utabadilisha oili leo na kesho maji ya radieta yarudi mle mle. Kisha waishushe sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Ndani mna sumaku ndogo, bapa kama biskuti. Pangusa kwa kidole chako mwenyewe. Ukipata uji laini wa kijivu, kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta, huo ni uchakavu wa kawaida wa kilomita laki moja. Ukisikia punje, au ukaona vipande vinavyong'aa vya kuchoma kidole, hapo ndipo nitaamini habari ya giaboksi kufunguliwa.

Ikiwa ni uji tu, badilisha oili na filta, lakini ibadilishe yote. Hapa ndipo wengi wanapoibiwa bila hata mwizi kujua kuwa anaiba. Ukifungua nati ya sampu, oili inayotoka ni ile ya chini. Nyingine inabaki ndani ya konveta na mabomba. Tuseme giaboksi inabeba lita 10 na zinatoka 4. Ukijaza 4 mpya, asilimia 60 bado ni uchafu wa zamani. Rudia, inabaki 36. Rudia mara ya tatu, inabaki kama 22. Kwa hiyo ama utumie gereji yenye mashine ya kubadilishana oili kupitia mabomba ya kipozea, ama umwage na kujaza mara tatu, katikati ya kila mara ukiendesha siku moja mbili ili ichanganyike. Kwako, kwa sababu ya maji, ningechagua mashine.

Kuhusu oili yenyewe, acha nijiaibishe kidogo. Mwaka 2011, nikiwa bado fundi wa kuazima spana hapa Nakuru, niliwekea pikapu ya mteja oili nyekundu ya gia otomatiki kwa sababu iliyotoka ilikuwa nyekundu. Rangi zilifanana kama mapacha. Wiki mbili baadaye gari lilirudi likiburutwa. Nililipa kwa miezi minane. Rangi ni rangi tu. Kinachotakiwa ni jina na namba ya oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, neno kwa neno. Oili ya magari ya CVT, yale ya otomatiki yanayotumia mkanda badala ya gia, isikaribie hata karibu. Nunua kwenye duka litakalokupa risiti, kagua kizibo kama kimewahi kufunguliwa, na chupa tupu uondoke nazo. Bei itakukata maini, najua.

Jambo la mwisho kwa fundi wako: pikapu nyingi mpya hazina kijiti cha kupimia oili ya gia. Kipimo hufanywa gari likiwa sawasawa pande zote nne, injini ikinguruma, oili ikiwa vuguvugu, mara nyingi nyuzi 40 hadi 50 hivi kwa mashine ya kompyuta, nati ya kando ikifunguliwa na oili ikichuruzika wembamba kama uzi. Ukimwona ameinua upande mmoja kwa jeki na injini amezima, mwambie mama yangu mzazi alikutuma umuulize anapima nini. Baada ya hapo aifute kumbukumbu ya zamani ya gia kwenye kompyuta, na aulize kama mtengenezaji ametoa programu mpya ya giaboksi hiyo.

Usishtuke ukitoka gereji na mtetemo ukabaki kidogo. Sahani za klachi zinahitaji kuinywa oili mpya. Zipe kilomita mia mbili tatu, yaani Kibuye na kurudi. Ukizidi hapo bila nafuu, konveta yenyewe imelika uso, na konveta hubadilishwa peke yake bila kununua giaboksi ya mtumba, ambayo hujui ilivuka mito mingapi.

Na hiyo oili ya maisha yote? Maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za magari ya kila aina, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kule Marekani, General Motors iliuza pikapu za gia nane, Colorado na Silverado zikiwemo, zilizotetemeka hivi hivi. Ikaonekana oili ya mwanzo ilikuwa inafyonza unyevu, na mwaka 2019 mafundi wakaelekezwa waikamue yote na kuweka ya aina nyingine. Magari mapya kabisa, ya barabara za lami tupu. Wewe unabeba viazi na kuvuka Nyando.

SWALI

Fundi, nikishuka kutoka Nandi Hills kwenda Chemelil naweka gia N ili kuokoa mafuta. Rafiki yangu anasema naharibu gari la otomatiki. Nani mkweli?

Kijana wa Kakamega

JIBU

Rafiki yako, na hata hayo mafuta huyaokoi. Gari la kisasa likishuka gia ikiwa imeingia na mguu hauko kwenye mafuta, injini hukata mafuta kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka N, inabidi ichome mafuta ili isizime. Na sasa breki peke yake ndiyo inayokushikilia kwenye mteremko ule. Waulize wa Salgaa, kule kwenye mteremko uliojulikana kwa ajali za malori, breki ikishapata moto huwa nini. Shusha gia kwa mkono, ya tatu au ya pili, injini ikubane.

SWALI

Pikapu yangu ya otomatiki ilizima Webuye ikavutwa kwa kamba mpaka Bungoma. Sasa gia zinachelewa kuingia. Kuna uhusiano?

Msomaji, Bungoma

JIBU

Upo. Pampu ya oili ya giaboksi inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imelala, huku magurudumu ya nyuma yanazungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu, kilomita zote hizo. Pima kwanza kiwango cha oili na uikague kwenye karatasi nyeupe kama nilivyomweleza Mama Viazi. Ikinuka kuungua, usiendelee kuiendesha. Siku nyingine ita lori la kubeba gari zima mgongoni, au propela ifunguliwe kabla kamba haijafungwa. Ni nati nne tu kwenye pikapu nyingi, na uweke alama ya chaki irudi ilivyokuwa.