Siku ya ushindi ndo siku nzuri ya kuikosoa timu

Mhariri umeuliza wiki hii kama timu ikishinda sisi mashabiki tufurahie tu pointi tatu zetu au tuna haki ya kuanza kukosoa kiwango, na mimi nikasema hili lazima nilijibu kwa kirefu maana ni ubishi tunaobishana karibu kila wikendi. Jibu langu ni kwamba tukosoe, tena siku ya ushindi ndo nzuri kuliko siku zote. Simaanishi mtu anune. Furahi, imba, piga kelele mpaka sauti ikauke, halafu ukishatulia kaa na wenzako mzungumze mlichokiona uwanjani kwa dakika 90, maana matokeo kila mtu anayajua tayari.

Sababu yangu ni hii. Timu ikifungwa pale hakuna mazungumzo, pale kuna kutafuta mchawi tu. Mmoja anamtaka kipa, mwingine kocha, mwingine refa, na hata yule aliyecheza vizuri siku hiyo anatukanwa pamoja na wengine. Ila timu ikishinda hasira hakuna, hakuna anayetaka mtu afukuzwe kesho asubuhi, kwa hiyo unaweza kusema aisee beki wetu wa kulia leo kapitwa sana na yule winga wao na wenzako wakakusikiliza, mkaulizana je ni yeye kachoka au ni winga wetu wa upande ule ndo alikuwa hashuki kumsaidia kukaba. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na dawa zake ni tofauti, la kwanza unapumzisha mchezaji, la pili unabadilisha majukumu ya mtu mwingine ambaye pengine hata hakutajwa. Siku ya kufungwa nani ana subira ya kufika huko? Jina la beki likishatajwa basi kesi imeisha.

Mfano wangu mkubwa ni Leicester City ya msimu wa 2015/16 kwenye Ligi Kuu ya England. Wengi tunakumbuka ubingwa na magoli ya Vardy na chenga za Mahrez, lakini mnakumbuka walivyoanza? Mechi 9 za kwanza za ligi walipoteza moja tu, ile ya 5-2 na Arsenal, na walikuwa na pointi 16, kwa timu ambayo msimu wa nyuma yake iliponea chupuchupu kushuka daraja hizo ni pointi za kuchezea ngoma. Lakini katika mechi zote hizo 9 hakuna hata moja waliyomaliza bila kuruhusu bao. Wanaifunga Sunderland 4-2, wanaifunga Aston Villa 3-2 baada ya kutanguliwa mbili, raha tupu kwa mtazamaji, ila kocha wao Claudio Ranieri hakuridhika, akawaahidi wachezaji atawanunulia pizza siku wakimaliza mechi bila kuruhusu bao. Ikaja mechi ya 10, wakaifunga Crystal Palace 1-0, pizza ikaliwa. Sasa nenda mwezi wa tatu 2016 pale ubingwa unapoanza kunukia: Watford 1-0, Newcastle 1-0, Crystal Palace tena 1-0, halafu Aprili Southampton 1-0, mechi nne mfululizo za ligi goli moja moja na nyuma kumefungwa kufuli. Wakachukua ubingwa kwa pointi 81, wa pili akiwa nyuma kwa pointi 10. Yaani ule ubingwa ulijengwa kwenye tatizo ambalo kocha alilisema wakati timu inashinda. Angengoja mpaka waanze kufungwa ndo aliseme angekuwa ameshachelewa, na ingekuwa ndo ile Leicester tunayoikumbuka kwa miezi miwili tu ya msisimko.

Sasa najua kuna ndugu zangu watasema pointi tatu ni pointi tatu, mambo ya kiwango waachie makocha. Naheshimu hiyo hoja kwa sababu mwisho wa msimu msimamo wa ligi hauna safu ya nani alicheza vizuri. Lakini ushindi una tabia ya kuficha vitu, na vikijificha muda mrefu vinakuja kutoka vyote kwa pamoja. Angalia Chelsea ya 2012. Fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Munich, Bayern wako kwao, wamepiga kona 20 na Chelsea kona moja, ile ile moja ndo Drogba akasawazishia kwa kichwa dakika ya 88, halafu kipa wao Cech akapangua penalti ya Robben wa Bayern kwenye muda wa ziada, halafu wakashinda kwa matuta. Ule usiku ulikuwa wa ushujaa na mtu yeyote anayependa mpira lazima auheshimu, wale watu walikaba kwa roho zao zote. Ila msimu huo huo kwenye ligi walimaliza nafasi ya 6. Sita! Na msimu uliofuata wakawa bingwa mtetezi wa kwanza kutolewa hatua ya makundi, na kocha Di Matteo aliyewapa kombe akafukuzwa mwezi Novemba mwaka huo huo. Kombe lilikuwa la kweli na matatizo yalikuwa ya kweli, vyote viwili, na ambaye siku ile ya furaha angesema jamani tumeshinda lakini hatuwezi kucheza hivi mwaka mzima asingekuwa adui wa timu.

Au Manchester United ya 2012/13, mimi hii naiona ndo somo kubwa zaidi. Bingwa kwa tofauti ya pointi 11, pointi 89, Van Persie kafunga magoli 26 kwenye ligi. Lakini timu hiyo hiyo iliruhusu magoli 43, Scholes ana miaka 38, Giggs kafikisha 39, Ferdinand 34. Mechi ngapi msimu ule walitangulia kufungwa halafu wakapindua, na sisi tukasema ndo mentaliti ya ubingwa hiyo. Ni kweli mentaliti ilikuwepo, kwa sababu kocha Ferguson alikuwepo. Alipostaafu, kikosi kilekile kwa sehemu kubwa kikamaliza nafasi ya 7 na pointi 64. Lawama zote zikamwangukia Moyes, kocha aliyempokea, na yeye makosa yake anayo, lakini umri wa wale wachezaji haukuanza siku aliyofika yeye.

Ila haki itendeke kwa upande wa pili pia, maana kuna watu wakishajifunza kukosoa basi kila ushindi wa goli moja wanauita bahati. Sio hivyo. Real Madrid ya 2022 kwenye Ligi ya Mabingwa iliitwa timu ya bahati kila ilipomtoa mtu, kuanzia PSG, Chelsea mpaka Manchester City, ile nusu fainali Rodrygo anafunga mawili dakika ya 90 na ya 91 watu wameshaanza kuondoka. Kwenye fainali Liverpool wakashambulia mechi nzima, Courtois akaokoa mipira 9, Vinícius akafunga lile moja na kombe likaondoka. Sasa kipa kuokoa mipira 9 ni bahati kivipi? Si ndo kazi aliyosajiliwa kuifanya? Bahati ni mpira ukigonga mwamba wewe umesimama unaangalia. Kipa aliyejipanga vizuri, akaziba upande wake, akanyoosha mkono, huyo kacheza mpira, kiwango chake ni sehemu ya kiwango cha timu. Kwa hiyo mtu akisema tumeshinda kwa sababu ya kipa tu, mimi huwa namuuliza, zile nafasi wapinzani walizipata vipi? Walipiga mashuti ya mbali kwa sababu njia zote tumeziziba, au waliingia kwenye boksi wakiwa peke yao na kipa? Kama ni ya mbali basi mabeki wamefanya kazi na kipa kamalizia. Kama ni ana kwa ana mara nne mara tano, hapo hata mkishinda 3-0 mna shida.

Takwimu zinasaidia kidogo hapo. Siku hizi kila mechi inatoka na ile hesabu ya magoli yanayotarajiwa, kila shuti linapewa thamani kulingana na lilipopigwa na mazingira yake, penalti kwa mfano inapewa kati ya 0.76 na 0.79 kwa sababu kwa wastani hizo ndo huwa zinaingia. Nzuri, mimi naiangalia, ila watu wanaitumia vibaya kwa mechi moja. Ukifunga magoli mawili dakika 20 za kwanza ni kawaida timu ikarudi nyuma ikalinda, wapinzani watapiga mashuti mengi na hesabu yao itapanda, haina maana wamekuzidi. Muulize huyo mwenye takwimu: mashuti hayo yalikuja lini, matokeo yakiwa ngapi ngapi, na kulikuwa na kadi nyekundu au hapana. Kitu kikijirudia mechi tano sita ndo unaanza kuogopa.

Mimi binafsi (timu yangu siitaji maana mjadala utahama) nikiangalia marudio ya mechi tuliyoshinda nakwenda moja kwa moja kwenye dakika 20 za mwisho. Pale ndo unaona timu yako ni ya aina gani. Mpira unabutuliwa tu mbele na kurudi kama umefungwa kamba, au kuna mtu anaupokea, anaulaza, anapewa faulo, wenzake wanapumua? Na sabu je? Tangu 2022 sheria imeruhusu rasmi wachezaji watano kuingia, hiyo ni karibu nusu ya timu ya ndani, kwa hiyo kocha anayeshinda 2-1 huku viungo wake wamekufa miguu na amebakiza sabu tatu mfukoni lazima aulizwe, hata kama mwisho alishinda. Na mtu akiingia dakika ya 75 akaituliza mechi asifiwe kama mfungaji.

Na hapo ndo nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi kuliko yote, kwamba sisi mashabiki hata kusifia hatujui. Timu ikishinda tunamtaja aliyefunga na aliyetoa pasi ya mwisho, basi. Kiungo mkabaji aliyekata pasi tatu hatari kabla hazijafika kwa straika wao hakuna anayemkumbuka, kwa sababu jambo baya ambalo halikutokea halionyeshwi kwenye marudio. Straika aliyewakimbiza mabeki mechi nzima mpaka wakawa wanapiga mpira nje tunasema leo hakuonekana kwa kuwa hakufunga. Leicester hiyo hiyo, mwanzoni watu wengi walikuwa wanawaongelea Vardy na Mahrez wa mbele tu, kiungo wao mkabaji N'Golo Kanté hatajwi, msimu uliofuata akahamia Chelsea na huko akachukua ubingwa tena mwaka wa pili mfululizo, ndo kila mtu akashtuka. Sifa ya kweli ni kazi kama ukosoaji ulivyo kazi, unatakiwa umwangalie mtu hata mpira usipokuwa miguuni kwake. Ukimsifia beki useme kafanya nini, sio "leo kakiwasha" tu halafu wiki ijayo akikosea pasi moja umgeuke kwa sababu hukuwahi kujua alikuwa anakiwasha vipi.

Kuna mpaka ambao mimi siuvuki na nawaomba wenzangu tusiuvuke. Uwanjani mechi ikiwa inaendelea mchezaji wetu hazomewi, hata akikosa goli mbele ya nyavu tupu, kwa sababu bado anahitaji miguu isiyotetemeka kwa nafasi inayofuata. Ukosoaji una muda wake, baada ya filimbi. Na uwe wa mpira: nafasi aliyosimama, uamuzi alioufanya, pumzi, pasi. Familia yake, sura yake, kabila lake, dini yake, mshahara wake, huko hapana, hata tukifungwa kumi. Wapo wachezaji wazuri kabisa waliopotea mikononi mwa mashabiki wao wenyewe na inasikitisha sana.

Kwa hiyo mhariri mimi jibu langu ndo hilo. Wikendi iliyopita tumeshinda 2-1, nimefurahi na bado nina furaha mpaka sasa naandika, lakini goli tulilofungwa ni kona, mtu karuka peke yake nguzo ya pili, ile ya mbali na kona inapopigwa, na sio mara ya kwanza msimu huu. Nimelisema kwa wenzangu, wengine wamekubali, mmoja amesema tatizo ni kipa hatoki kuudaka, mimi nasema ni yule anayetakiwa kukaba nguzo ya pili anauangalia mpira badala ya kumwangalia mtu. Mechi ijayo tunakutana na timu yenye mabeki warefu ambao wote wanapanda kwenye kona, na tumekubaliana macho yetu yote yatakuwa kwenye ile nguzo ya pili.