Taa ya nyuma ya baiskeli: ipi itaonekana?

SWALI: Hutoka kazini Kondele saa moja jioni kurudi Mamboleo kwa baiskeli yenye keria. Magari hunipita karibu mno. Ninunue taa gani ya nyuma? Msomaji, Kisumu.

JIBU: Tafuta taa nyekundu ya LED yenye lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 30 hadi 50, inayochajiwa kwa waya wa simu. Zinazojisifu kwa lumeni 200 huwaumiza macho walio nyuma yako usiku, tena humaliza chaji upesi. Soma alama ya kuzuia maji: IPX4 huhimili matone ya kurukaruka tu; kwa mvua za Kisumu na maji yanayorushwa na tairi, chukua IPX6. Kifuniko cha tundu la chaji kikilegea, maji huingia na kutu hula pini. Taa nyingi hufa hivyo.

Tatizo lako hasa ni keria. Taa ikifungwa kwenye bomba la kiti, mzigo au hata koti huifunika. Ifunge ncha ya nyuma ya keria, itazame nyuma moja kwa moja. Ikiinama humulika lami tu. Kukiwa giza, rudi hatua 50, uchuchumae kidogo kufikia kimo cha macho ya dereva wa gari dogo, uitazame.

Kumweta humshtua dereva mapema, lakini humpa shida kukadiria umbali. Barabara isiyo na taa, iache iwake mfululizo. Riflekta nyekundu usiing'oe: haihitaji chaji.