Kabla Hujalipia Huduma ya Habari za Hisa

Wanaoanza kununua na kuuza hisa kwa kufuata habari huniuliza swali lilelile: huduma ipi ina kasi kuliko zote? Jibu langu huwaudhi kidogo. Kasi wanayoiwazia ilishanunuliwa zamani na watu wengine. Kompyuta za makampuni makubwa ya uwekezaji husoma taarifa na kutuma oda kabla wewe hujamaliza kichwa cha habari. Hadi mwaka 2013, Thomson Reuters ilikuwa ikiwauzia baadhi ya wateja matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu imani ya walaji sekunde 2 kabla ya wateja wengine, mpaka mwanasheria mkuu wa jimbo la New York alipoingilia kati. Sekunde 2 tu, na watu walizilipia! Mbio hizo tuwaachie wenyewe.

Zetu ni zile za dakika na saa zinazofuata, na huko bado kuna cha kuokota. Tangu mwaka 1968, watafiti Ray Ball na Philip Brown walionyesha kwamba bei ya hisa huendelea kusogea kuelekea upande wa habari hata baada ya matokeo ya kampuni kutangazwa. Kwa hiyo huduma nzuri kwako ni ile inayokupa habari ndani ya sekunde chache badala ya robo saa, na inayokuachia nafasi ya kufikiri.

Kwanza uliza inapata wapi habari zake. Kampuni hutoa taarifa kupitia wasambazaji kama Business Wire, PR Newswire au GlobeNewswire. Kutoka hapo huchukuliwa na Bloomberg, Reuters na Dow Jones, kisha huduma ndogondogo, halafu ndiyo mitandao ya kijamii. Kila mkono inakopitia, muda unapotea. Huduma inayopokea moja kwa moja kutoka kwa wasambazaji inatosha kabisa, hata kama jina lake si kubwa.

Pili, ipime mwenyewe wakati wa majaribio ya bure. Usipime kwa matokeo ya robo mwaka peke yake, kwa sababu siku na saa yake hujulikana na kila huduma huwa imejiandaa. Kipimo ni habari isiyotarajiwa: kampuni inanunuliwa, mkurugenzi mkuu anajiuzulu, dawa inakataliwa na mamlaka. Fungua chati ya bei inayoonyesha sekunde, weka kando yake dirisha la habari, na andika saa ya vitu vitatu: muhuri wa saa kwenye taarifa yenyewe, kichwa cha habari kilipotokea kwako, na bei iliporuka. Ukiona mara kwa mara bei imesharuka na dirisha lako bado liko kimya, kisha maelezo yanakuja dakika nzima baadaye, usiongeze hata mwezi. Angalia pia kama bei unazoziona ni za papo hapo. Nyingi za bure huchelewa dakika 15, na chati kama hiyo itakudanganya kwenye kipimo chote.

Mimi napenda huduma yenye sauti, ambayo mtu husoma vichwa vya habari huku macho yangu yako kwenye bei. Wengine huchoshwa nayo. Lisilo na mjadala ni uchujaji: lazima uweze kuchagua alama za hisa unazofuata (zile herufi chache zinazotambulisha kila hisa sokoni), la sivyo utazama kwenye vichwa visivyokuhusu.

Hata habari iliyotoka kwenye chanzo halisi huweza kuwa na kosa. Tarehe 13 Februari 2024, taarifa ya matokeo ya Lyft ilitaja ongezeko la pointi 500 za msingi kwenye uwiano wa faida, yaani pointi 5 za asilimia, badala ya pointi 50 za msingi. Soko lilikuwa limeshafungwa, lakini katika biashara ya baada ya saa za soko hisa ikapaa zaidi ya asilimia 60, kisha ikaporomoka kampuni iliposahihisha kwenye simu na wachambuzi. Huduma za habari zilinukuu kilichoandikwa. Namba ikikushangaza hivyo, ilinganishe na ya mwaka uliopita kabla hujagusa kitufe. Na hakikisha alama ya hisa: Machi 2020, tume ya masoko ya Marekani, SEC, ilisimamisha biashara ya Zoom Technologies kwa kuwa watu waliichanganya na Zoom Video Communications.

Kuhusu oda, sina maneno mengi. Weka ukomo wa bei, usinunue kwa bei yoyote iliyopo, hasa baada ya saa za soko ambapo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka sana. Oda ya kukata hasara, ile inayouza yenyewe bei ikishuka hadi kiwango ulichoweka, nayo haikulindi bei inapokiruka kiwango hicho bila kusimama.

Sasa ada. Igawanye kwa mtaji wako. Kama inakula asilimia 3 au 4 ya mtaji kila mwezi, unaanza kila mwezi ukiwa na hasara. Katika hali hiyo, kwa kampuni za Marekani, jiandikishe barua pepe za idara zao za mahusiano na wawekezaji na ufuatilie EDGAR, mfumo wa SEC wa taarifa zinazowasilishwa na kampuni, ambao ni wa bure. Fomu ya 8-K, ambayo kampuni hutumia kutangaza matukio makubwa, ndiyo ya kuangalia kwanza, ingawa kampuni huruhusiwa hadi siku 4 za kazi kuiwasilisha.