Mzee anapiga, mwenzangu anamfunga

SWALI: Nahudumia wazee makaoni, Tabora. Usiku tuko wawili tu. Babu mmoja hupiga akibadilishwa nguo, na mwenzangu ameanza kumfunga mkono kitandani kwa khanga. Nami siku hizi nafoka ovyo. Nifanyeje?

JIBU: Khanga hiyo ifunguliwe leo, dada. Aliyefungwa hajigeuzi, na asipogeuzwa kila baada ya saa 2 hivi anaweza kupata vidonda vya mgandamizo. Akijivuta anaweza kuanguka au kujinyonga. Anayeanza kupiga ghafla huenda ana maumivu, amefunga choo au ana maambukizi ya mkojo, hasa kama ana ugonjwa wa kusahau. Apimwe kwanza. Kisha mbadilisheni wawili: mmoja aongee naye akimtazama usoni, mwingine avue nguo nusu ya mwili, nusu nyingine ibaki imefunikwa. Aibu na baridi huchochea ngumi kuliko ukorofi.

Hasira ikikupanda, mwachie mwenzako, toka nje dakika 5. Uchovu unaeleza kufoka, hauhalalishi. Kuhusu kufunga, andika tarehe, saa na ulichokiona, umpe mfawidhi, yaani msimamizi wa makao. Akinyamaza, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa manispaa. Nakala baki nayo.