Ukienda Timor-Leste, usiishie Dili

Watu waliopata kazi ya mkataba Timor-Leste huniandikia wakiuliza mambo yaleyale: usalama ukoje, fedha gani inatumika, intaneti ipo? Majibu ni mafupi. Nchi ni tulivu, fedha ni dola ya Marekani, na intaneti ya Dili, mji mkuu, inatosha kufanyia kazi, ila ukishaanza kupanda mlima ni bahati yako. Kisha huwa naongeza jambo ambalo sikuulizwa, na leo naliandika kwa kirefu: panda milimani mapema, ikiwezekana wiki zako za kwanza. Nchi ile haieleweki kwa mtu aliyekaa pwani.

Kwanza ramani, maana wengi wetu hatujawahi kufundishwa. Kisiwa cha Timor kiko kati ya visiwa vya Indonesia na Australia. Nusu ya mashariki ni Timor-Leste, nusu ya magharibi ni Indonesia. Lakini ndani ya ile nusu ya magharibi kuna kipande cha Timor-Leste kiitwacho Oecusse, kimezungukwa na Indonesia pande zote isipokuwa baharini. Mpaka huo wa ajabu ni kazi ya Wareno na Waholanzi. Wareno walikuja kwenye karne ya 16 wakifuata msandali, Waholanzi wakawafuata, wakagawana kisiwa kwa mkataba wa 1859, na ugomvi wa mipaka ukaja kumalizwa na msuluhishi mwaka 1914. Nchi nzima ni kama kilomita za mraba 15,000, na sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 1.3 hivi.

Katikati ya eneo hilo dogo kuna safu ya milima inayokwenda kutoka magharibi hadi mashariki. Mlima Ramelau unapita mita 2,900. Ndiyo maana safari ya kutoka Dili hadi Maubisse, kama kilomita 70 tu, inaweza kula saa tatu, na mvua ikinyesha haijulikani utafika lini. Ndiyo maana pia lugha ni nyingi hivyo: Kimambae, Kimakasae, Kibunak, Kikemak, Kifataluku na nyingine. Baadhi zina undugu na lugha za visiwa vya Indonesia, nyingine zina undugu na lugha za Papua, na wasemaji wake wanatenganishwa na bonde moja tu. Kitetum ndicho kinachowaunganisha. Jifunze Kitetum. Usidanganyike kwamba Kireno kitatosha kwa kuwa ni lugha rasmi.

Ukikaa nao utagundua kwamba umri wa mtu unakuonyesha lugha aliyosomea. Mzee aliyepita shuleni kabla ya 1975 atakujibu kwa Kireno. Mtu wa makamo alisoma kwa Kiindonesia. Vijana, ambao ndio wengi kupindukia, wanachanganya Kitetum na Kiingereza cha kwenye simu. Familia moja, meza moja, shule tatu tofauti.

Sababu ni historia ambayo naomba uisome kabla ya kupanda ndege. Ureno ilipopinduliwa serikali yake Aprili 1974, makoloni yake, Timor ya Mashariki likiwemo, yakaanza kujitafutia njia. Chama cha Fretilin, kilichofuata nyayo za Frelimo ya Msumbiji, kilitangaza uhuru tarehe 28 Novemba 1975. Tarehe 7 Desemba jeshi la Indonesia likaivamia Dili. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikutana na tarehe 22 Desemba likaitaka Indonesia iondoe majeshi yake. Tanzania ilikuwa mjumbe wa baraza hilo mwaka huo, balozi wetu akiwa Salim Ahmed Salim, na azimio lilipita bila kupingwa. Najivunia kura hiyo. Lakini Indonesia haikuondoka kwa miaka 24.

Na hapa ndipo milima inapoingia. Watu walikimbilia juu pamoja na wapiganaji wa Falintil, tawi la kijeshi la Fretilin, wakalima huko, wakasomeshana huko. Kuanzia 1977 jeshi liliwazingira na kuwapiga mabomu kutoka angani. Mlima Matebian, upande wa mashariki, ulijaa maelfu ya watu hadi walipolazimika kushuka mwishoni mwa 1978. Waliposhuka waliwekwa kwenye kambi ambako hawakuruhusiwa kwenda mashambani, na njaa ikaanza kuua. Tume ya ukweli ya nchi hiyo ilikadiria vifo visivyopungua 102,800 vilivyotokana na vita kati ya 1974 na 1999, na vingi sana kati ya hivyo, kama 84,200, ni vya njaa na maradhi. Unapopita kijiji ambacho kila nyumba ina kaburi lililopambwa vizuri kuliko nyumba yenyewe, kumbuka hesabu hiyo.

Mengine pengine umewahi kuyasikia: mauaji ya waandamanaji kwenye makaburi ya Santa Cruz mjini Dili tarehe 12 Novemba 1991, Tuzo ya Nobel ya Amani kwa Askofu Belo na José Ramos-Horta mwaka 1996, kura ya maoni ya 30 Agosti 1999 ambapo asilimia 78.5 walichagua kujitenga na Indonesia, na moto uliofuata wa wanamgambo waliounga mkono Indonesia. Majeshi ya kimataifa yaliingia Septemba hiyo, na wanajeshi wa Kenya nao walitumika kule kulinda amani. Uhuru ukarejeshwa tarehe 20 Mei 2002. Oktoba 2025 nchi ikapokelewa kuwa mwanachama wa 11 wa ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Viongozi bado ni walewale wa mapambano: Ramos-Horta alirudi kuwa rais 2022, na Xanana Gusmão, kamanda wa zamani wa Falintil, alirudi kuwa waziri mkuu 2023.

Ushauri wangu kuhusu vita ni huu: usiulize. Kaa, kunywa kahawa, saidia kazi iliyopo. Karibu kila mtu aliyezidi miaka 35 ana lake, na familia nyingi bado zinatafuta mifupa ya ndugu zao ili wazikwe kwa heshima. Wakikuamini watakusimulia wenyewe, mara nyingi wakiwa wanafanya jambo jingine, wanapukuchua mahindi au wanachagua maharage. Na wakikwambia kwamba hawana kinyongo na Waindonesia, pokea hivyo. Mimi nimekutana na akina mama waliopoteza waume vitani wanaokwenda kununua bidhaa ng'ambo ya mpaka na kutaniana na wauzaji wa huko kama majirani. Si kazi ya mgeni kuwashikia hasira ambayo wao wameamua kuiweka chini.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, kwa hiyo kilichonikamata zaidi ni wilaya ya Ermera. Mibuni imekaa chini ya miti mirefu ya kivuli, mingi imezeeka na kurefuka mpaka wavunaji wanaikunja kwa kamba. Uani unakuta mashine ya mbao ya kumenyea kahawa, ya kuzungusha kwa mkono, turubai la bluu lenye punje zinazonata, na kuku wanaofukuzwa kutwa nzima. Watoto wanazigeuza kwa miguu wakitoka shule. Katika mashamba ya kisiwa hicho, miaka ya 1920, ulionekana mbuni uliojizalia wenyewe kwa arabika kuchavushana na robusta, na ukawa haushambuliwi na kutu ya majani. Wataalamu wakauchukua wakaueneza duniani kwa jina la chotara wa Timor. Damu yake imo kwenye aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 ya Kenya, na imo kwenye chotara nyingi tunazopanda kwetu Tanzania dhidi ya kutu na chulebuni, ugonjwa unaooza matunda ya kahawa. Niliwaeleza wenyeji wangu hilo, na mzee wa nyumba akaagiza kikombe changu kijazwe tena. Sisi tunavuna kutokana na mti wao, na wao bado wanauza kwa bei ya kuhurumiwa. Hilo linaniuma, na sioni aibu kulisema.

Chakula chao cha mlimani kinaitwa batar da'an: mahindi, choroko na boga katika chungu kimoja. Kwa mtu wa Upareni ni makande yaliyokwenda safari. Usiombe uongezewe bila kuangalia kwanza. Wenyeji humpakulia mgeni kabla yao, na kati ya Novemba na Februari, mahindi ya zamani yakiwa yameisha na mapya hayajakomaa, sufuria huwa haina kitu cha ziada. Utafiti wa lishe wa 2020 ulikuta karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ukienda kutembelea watu miezi hiyo, nenda na mchele na sukari, mkabidhi mama wa nyumba.

Pwani nako kuna la kuzingatia. Mamba wa maji chumvi wapo, wanaua watu, na wenyeji wanawaheshimu kama babu yao, kwa sababu hadithi yao inasema kisiwa ni mamba aliyekuwa rafiki wa mvulana mmoja, akageuka ardhi ili kizazi cha mvulana huyo kipate pa kuishi. Kwa hiyo usitegemee kibao cha onyo wala askari mwenye bunduki. Kabla ya kuogelea waulize wavuvi wa pale pale, na wakisema hapana, basi ni hapana.

Ndani ya Dili utapanda mikrolet, vibasi vidogo vyenye muziki mkubwa. Ukitaka kushuka gonga sarafu kwenye bomba la chuma juu ya kichwa chako, dereva atasimama. Mwite mwanamume aliyekuzidi kidogo "maun" na mwanamke "mana", na uso wa mtu utafunguka. Kabla ya kwenda milimani pita mtaa wa Balide, kwenye gereza la zamani lililogeuzwa kituo cha kumbukumbu. Tenga asubuhi nzima.

Kisha ondoka. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba: mvua hakuna na kahawa inavunwa. Vunja dola zako ziwe noti ndogo ukiwa bado Dili, maana duka la kijijini halina chenji ya noti ya 50. Ukifika Hatobuilico, kijiji kilicho chini ya Ramelau, tafuta kiongozi wa kukupandisha Ramelau usiku ili alfajiri uwe kileleni, kwenye sanamu ya Bikira Maria, mahali ambapo mawingu yakikubali unaona bahari ya kaskazini na ya kusini kwa wakati mmoja. Beba sweta zito na soksi. Kule juu ni baridi kweli, na blanketi za nyumba za wageni ni nyembamba.